Mchi wa Mama Wilondja

Baraka, Jumanne, saa za jua kali

Kwako Yaya Zawadi, dada yangu mkubwa,

Salamu hizi zishuke na ziwa zikukute hapo Kalemie ukiwa umesimama kwa miguu yako miwili. Mama anaendeleaje na magoti yake? Bado anakataa fimbo kwa kusema fimbo ni ya wazee? Shemeji ile homa imemwachia? Na yule binti yako aliyerithi jina langu na, nasikia, kichwa changu pia, ameacha kuwang'ata wenzake? Mkizubaa atawala masikio watoto wote wa jirani, mimi najua ninachosema.

Mimi ni mzima. Najua umeshanuna kwa sababu ni zaidi ya wiki tatu sijapiga simu, nakutumia tu ujumbe wa maneno mawili, "niko sawa", kama mtu anayemfukuza mdai mlangoni. Sababu ni hii, na uikalie chini kwanza: sina meno mawili ya mbele, yaya, na mdomo wa juu umeshonwa. Nikisema jina lako linatoka na upepo mwingi kuliko sauti. Ungenisikia ungelia, Mama angekunyang'anya simu, na habari ingefika kwenu ikiwa imevunjika vipande. Ndiyo maana naandika, na barua hii nampa mama mmoja anayeshuka kwa boti kesho. Mama msomee mwanzo na mwisho. Katikati soma peke yako.

Ulicheka sana niliposema nimepata kazi ya kufundisha watu kutuliza roho. Ulisema, "Feza afundishe utulivu? Basi na chui afundishe kuchunga mbuzi." Nilikasirika siku mbili, lakini ulikuwa na haki. Sikukuambia vizuri kazi yenyewe ilivyo, nikuambie sasa.

Hapa Baraka kuna wanawake wengi walioteremka kutoka vijiji vya juu, upande wa Bibokoboko na miteremko yake, na wengine kutoka huku Nundu na Mboko, na wakimbizi wa Burundi pia. Huko milimani bunduki zinalia, na huku chini watu wanajibu kwa ngumi. Mume anampiga mke, mke anampiga mtoto, mtoto anampiga mbuzi. Wiki yangu ya kwanza niliona wanawake wawili bombani wakipigana kwa madumu mpaka mmoja akazimia, na ugomvi ulikuwa ni nani aliyetangulia kuweka dumu lake kwenye mstari. Yule aliyezimia alipoamka alisema hakumbuki kilichomkasirisha. Alisema tu anachoka, anachoka kila siku, na siku hiyo mkono ulijipandia wenyewe.

Basi mradi wetu ulikuwa wa watu kama hao. Tulipewa mafunzo siku tano kule Uvira na kijitabu chenye picha. Kijitabu kinasema: ukiona hasira inapanda, vuta pumzi ndefu kwa pua, itoe polepole kwa mdomo. Kaza ngumi, halafu ilegeze. Kaza mabega, yalegeze. Tafuta wazo zuri moja, ulishike, ulikatae lile baya. Nilikipenda kile kijitabu. Nilijaribu kwanza mwilini mwangu, maana ninajijua. Siku moja mwenye pikipiki alinirushia tope kuanzia kichwani hadi kiunoni, akacheka. Nilihesabu mpaka kumi nikitamani kumng'oa jicho. Nilipofika kumi bado nilitamani, lakini pikipiki ilikuwa imeshapotea njiani. Nikajisemea kwamba dawa inafanya kazi.

Kundi langu lilikuwa na wanawake kumi na wawili. Tulikutana katika banda la bati nyuma ya kanisa, kila Alhamisi. Mwanzoni walinicheka. Mzee wao, Mama Konsolata, mkimbizi wa Burundi mwenye maneno kuliko redio, aliposikia zoezi la pumzi alisema hiyo ni pumzi ya kuzaa, na yeye ameshazaa tisa, hataki wa kumi. Lakini walivuta pumzi. Walikaza ngumi wakazilegeza. Mmoja alisema wiki ile hakumpiga mwanawe hata mara moja, na wenzake wakampigia makofi. Nilirudi nyumbani siku hiyo natembea kama bibi arusi.

Aliyekuwa hasemi ni mmoja, Mama Wilondja. Mwanamke mrefu, mkavu, wa umri wako. Kazi yake ni kutwanga. Anapita nyumba kwa nyumba na mchi wake begani, anawatwangia watu sombe, yale majani ya muhogo, na muhogo wenyewe, wanampa unga au samaki. Mchi wenyewe ni wa mti mweusi, mzito, haachi mtu aushike. Hata kwenye kundi alikuja nao, akauweka miguuni, akakaa mahali palepale kila siku, penye kuona njia. Zoezi la kufumba macho hakulifanya hata siku moja. Nilidhani ni ukaidi. Kwa kweli nilikuwa nimeshaanza kumchukia kidogo, kama mwalimu anavyomchukia mwanafunzi mmoja bila sababu ya kusema mbele za watu.

Sasa sikiliza kosa langu. Somo la tano la kijitabu ni kupumzisha mwili wote. Watu wanalala kwenye mikeka, wanafumba macho, mwalimu anapita katikati yao akisema kwa sauti laini: legeza miguu, legeza tumbo, ona mahali pazuri unapopapenda. Nilitandika mikeka tangu asubuhi. Saa ya somo ilipofika mvua ikashuka, mvua ya Baraka unayoijua, juu ya bati. Hakuna aliyemsikia mwenzake. Mimi nilikuwa na mabuti ya mpira kwa sababu ya tope. Nikasimama katikati yao, na kwa kuwa sauti laini haikusikika, nikapiga kelele:

"Mulale chini! Mufunge macho! Hakuna mutu kusogea!"

Yaya, watu wote wa hapa wanayajua maneno hayo. Ndiyo maneno wenye bunduki wanayosema wakikuta watu shambani au njiani. Hata watoto wanayachezea: mmoja anashika kijiti, wengine wanalala kifudifudi. Nilishawaona wakicheza hivyo mbele ya nyumba yangu nikadhani ni mchezo tu. Sisi wa Kalemie tuna yetu, lakini hayo hayakuwa masikioni mwangu. Nikayatamka kwa kelele zote, nimesimama juu ya wanawake waliolala, na kitu walichokiona karibu na nyuso zao ni mabuti.

Walilala, nilidhani wote. Hilo ndilo linalonitesa mpaka leo, kwamba walilala haraka sana na kimya. Nikafurahi kuona leo wananitii. Nilipogeuka, Mama Wilondja alikuwa amesimama, na mchi uko juu.

Pigo la kwanza nililikinga kwa bega. La pili lilinikuta mdomoni. Nilisikia meno yakiingia kwenye ulimi kabla sijasikia maumivu. Damu ikajaa kinywani, nikaanguka kwenye magoti. Akainua tena, na hilo la tatu lingenipasua kichwa, lakini Mama Konsolata alimrukia miguu kutoka mkekani, na mwingine akamshika nguo, akaanguka kifudifudi. Mchi ukamtoka mkononi ukabingirika mpaka kwangu.

Hapa ndipo sikutaka Mama asomewe. Niliuokota ule mchi. Yeye alikuwa chini, yaya. Wawili walikuwa wamemkalia mgongoni na alikuwa ameshatulia, mkono wake wa kulia umenyooka kwenye mkeka. Pumzi ya kijitabu sikuikumbuka. Wazo zuri sikulitafuta. Nilisimama, nikainua kwa mikono miwili, nikaupiga ule mkono. Ulitoa mlio kama muhogo mkavu unapovunjwa. Nilitaka kupiga tena. Nakuambia ukweli wote: nilitaka, na raha niliyoisikia wakati ule ilikuwa kubwa kuliko raha yoyote niliyoipata kwa kuvuta pumzi. Damu iliyonikaba kooni ndiyo iliyonizuia.

Kelele zikavuta watu. Vijana wa pikipiki walifika wakiwa wameshika mawe, wakisema mwanamke mwenye wazimu ameua mwalimu. Walimburuta nje kwenye mvua kwa ule ule mkono uliovunjika. Mmoja alimpiga teke la mbavu. Polisi walifika kabla ya mawe, wakamtupa nyuma ya gari, wakampeleka kasho, chumba chao chenye mlango wa chuma. Mimi nilipelekwa kushonwa.

Jioni shefu wa mradi, bosi wangu, alikuja na karatasi ya ripoti. Aliisoma kwa sauti: mshiriki alimvamia mhudumu bila sababu, akateleza, akaanguka, akavunjika mkono. Akaniuliza kama ndivyo ilivyokuwa. Mdomo ulikuwa umevimba, sikuweza kusema. Nikatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa na uwezo wa kukikataza kichwa changu, yaya, na sikukikataza.

Siku nne nililala nimevimba, nikinywa uji kwa mrija na kumlaani yule mwanamke. Nilimpiga mara mia kichwani mwangu. Nilijiambia yeye alianza, yeye ana wazimu, mtu mwenye mchi hana haki ya kulilia mkono. Siku ya tano Mama Konsolata alikuja kunitazama. Aliniletea ndizi zilizopondwa, akakaa, na kwa mara ya kwanza hakuwa na maneno mengi. Akasema Mama Wilondja bado yuko kasho, mkono umefungwa vijiti viwili na kipande cha kitenge, umevimba mpaka vidoleni. Bila mkono ule hana kazi, na bila kazi hana chochote, maana hana mtu wa kumwombea hata maji. Halafu akaniangalia.

"Binti yangu," akasema, "ni weye ulisema tufunge macho. Siye hatukufunga. Tuliona yote."

Akaondoka. Sikuweza kumaliza zile ndizi.

Kesho yake nilikwenda kasho. Nisikudanganye kwamba nilikwenda kwa wema. Nilikwenda nikitaka aniombe msamaha, ili niweze kuendelea kunyamaza. Polisi wa zamu aliniacha nisimame kwenye tundu la mlango. Alikuwa amekaa pembeni, mkono umelala juu ya paja kama kitu cha mtu mwingine. Nikamuuliza kwa mdomo wangu ule mbovu kwa nini alitaka kuniua. Alijibu bila kuniangalia, na maneno yake nakuandikia kama alivyoyasema.

"Tulikuwa tunavuna maharage. Banatukuta mu shamba. Banasema mulale chini, mufunge macho, hakuna mutu kusogea. Tulilala. Nilikuwa nashika mukono ya mukubwa yangu. Nilisikia panga inakuja, mutu kwa mutu. Sikufungua macho. Mi nilitii. Bakaenda. Nikafungua, mukono yake ingali mu mukono yangu, baridi. Mi sijue ni sababu ya nini baliniacha. Nilitii, ile njo inaniuma mpaka leo. Ile siku yako, nikasema mara hii sitalala."

Mukubwa yake, yaya. Dada yake mkubwa. Nilishika ule mlango wa chuma kwa mikono miwili. Nilikuwa nimekuja na hasira zangu nimezipanga vizuri, na sikuona tena pa kuziweka. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Siku nne nilikuwa nalilia meno mawili, na mimi mwenyewe nilikuwa nimefanya kile kile walichofanya wale wa panga: nilimpiga mtu aliyelala chini.

Nilitoka pale nikaingia kwa OPJ, yule afisa wa polisi anayeandika kesi. Nikamwomba karatasi, maana kusema kulinichelewesha. Niliandika: alinipiga mara mbili kwa sababu nilisema maneno ya wauaji. Nilimvunja mkono akiwa ameshaanguka na ameshikwa. Ripoti ya mradi si kweli, na nilijua si kweli nilipoikubali. Nikatia sahihi. Aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Madame, unajua hii karatasi inakuweka wapi?"

Nikamwambia najua. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na kazi yake. Mama Wilondja alitolewa siku hiyo hiyo akapelekwa kwa waganga wa mifupa hospitalini, na mimi nikaingia mahali alipotoka. Ile pembe ilikuwa bado na joto lake.

Nilikaa humo siku mbili. Shefu alikuja mara moja, akasimama kwenye tundu, akasema nimeuaibisha mradi na mkataba wangu hautaendelea. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na wanaume, na kila mara walipigana wenyewe kwa wenyewe kugombania mahali pa kukaa. Nilisikia kichwa cha mtu kikigongwa ukutani, tena na tena, na mtu huyo akihesabu kwa sauti mapigo aliyopigwa ili wenzake wasikie. Nilijaribu kijitabu changu. Nilivuta pumzi kwa pua, nikaitoa kwa pengo. Nilikaza ngumi, na ikakataa kulegea. Nilitafuta wazo zuri: nikawaza nyumbani kwetu, wewe na cherehani yako. Lakini kila nilipofumba macho niliona mabuti, na nilipotazama vizuri yalikuwa yangu. Mganga hajigangi, yaya. Nilielewa kwa nini yule mwanamke hakufumba macho hata Alhamisi moja.

Siku ya tatu OPJ alituita wote ofisini kwake, mimi, Mama Wilondja, shefu, na wale wanawake kumi na mmoja ambao hakuna aliyewaita. Walijaza ofisi mpaka mlangoni. Mkono wa Mama Wilondja sasa ulikuwa ndani ya plasta, umening'inizwa shingoni. OPJ akaniuliza nadai nini kwa meno yangu. Nikamwambia meno yangu niliyalipiza pale pale alipokuwa chini, sina deni kwa mtu. Akamgeukia Mama Wilondja kumuuliza anadai nini kwa mkono. Mwanamke mmoja nyuma akasema mbuzi, mwingine akasema mbuzi wawili. Mama Wilondja akakataa kwa kichwa.

"Mi sitaki mbuzi. Nataka mukono. Alivunja ya yangu, anipe ya yake mpaka ya yangu ipone."

Watu walicheka, OPJ mwenyewe akataka kucheka. Yeye hakucheka, na mimi sikucheka. Nilisema nimekubali. Iliandikwa hivyo hivyo kwenye karatasi, tukatia alama za vidole, nami nikaachiwa.

Kwa hiyo dada yako sasa ni mtwangaji. Ni wiki mbili. Kila asubuhi napita kumchukua Mama Wilondja, ananikabidhi mchi, ule ule, tunapita nyumba za wateja wake. Mimi natwanga, yeye anakaa karibu na kinu na mkono wake shingoni. Siku ya kwanza viganja vilipasuka vikatoka damu. Siku ya pili nilijigonga mguu, yeye akasema natwanga kama mtu anayeua nyoka. Wateja wanatoka nje kuniangalia, mwalimu wa utulivu, mapengo, jasho mpaka kisigino, na wananitania bila huruma. Watoto wananiita Mama Mchi. Mwanzoni nilitamani kumtwanga mmoja wao pamoja na sombe. Sasa naitika.

Na unajua kitu gani? Baada ya mapigo mia mbili hasira inachoka yenyewe. Huivuti kwa pua wala huitoi kwa mdomo. Inatoka begani, inaingia kwenye kinu, inageuka mboga ya mtu. Mama Wilondja hakuwahi kusoma kijitabu chochote, lakini nadhani hii ndiyo iliyomzuia asife tangu ateremke. Mimi niliivunja dawa yake nikidhani nampa yangu.

Hatujawa marafiki, usije ukadhani. Siku tatu nzima hakuniambia neno lolote isipokuwa "twanga". Kuna siku ananiangalia nikiinua ule mchi, naona mwili wake wote unakaza, nami naushusha polepole nikisubiri alegee. Akisikia pikipiki inakohoa anasimama wima. Juzi bunduki zililia mbali, juu kule kwenye milima, mara tatu tu. Watu wa sokoni walisimama kidogo wakaendelea. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hukimbia, lakini yeye hakukimbia. Alisogea akakaa mbele yangu, kati yangu na njia, akaniambia niendelee kutwanga, yeye anaangalia. Sikujua kama ananilinda mimi au mchi wake.

Utaniandikia nirudi nyumbani kwa kuwa kazi imekwisha. Najua. Nitarudi, lakini mfupa haujaunga. Waganga wanasema bado mwezi mmoja. Mwambie Mama kwamba nina kazi ya muda, na hiyo si uongo.

Sasa nikuambie kinachotokea hivi ninavyoandika. Tuko nyuma ya nyumba ya mteja mmoja, kwenye kivuli cha ukuta. Tumemaliza sombe. Niliazima kalamu nikaanza barua hii juu ya goti, yeye amekaa pembeni yangu akiangalia njia kama kawaida yake. Nilipofika pale kwenye mfupa haujaunga, akaniuliza namwandikia nani. Nikamwambia, mukubwa yangu. Akaegemeza kichwa ukutani.

"Nachoka, Feza," akasema. "Sasa weye njo uangalie njia."

Akafumba macho, yaya. Mchana huu, mbele ya watu wanaopita. Mkono ule mzima ameuweka juu ya plasta, na sasa nasikia pumzi yake imekuwa ndefu. Mimi ndiye niliyemvunja, na ni mimi niliyeachiwa njia. Naandika mstari mmoja, nainua kichwa nakagua pande zote, halafu naandika mwingine. Hakuna pikipiki inayopita hapa bila mimi kuiona. Mbwa amekuja, nimemfukuza kwa jicho.

Nisalimie Mama yetu, umwambie afunge ile fimbo kitambaa kizuri ili asiione kuwa ni ya wazee. Nisalimie shemeji mume wako, na mjomba wetu Alimasi wa kule gatini. Nisalimie shangazi Nyota aliyetulea, najua atauliza kama nimeshapigana, mwambie mara moja tu. Wajina wangu umkumbatie, na akimng'ata mtu usimpige, mpe kitu cha kutwanga.

Naishia hapa, maana siwezi kuandika na kuangalia vizuri kwa pamoja, na bado hajaamka.

Ni mimi mdogo wako,
Feza